Msaada: Picha za UMISSETA na matukio ya jamii Dodoma kipindi cha kipupwe. Upepo, vumbi na giza la ghafla

Mpira_na_Zabibu

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, ila tafadhali usiwe wa "nunua kamera kubwa".

Kazi ni kupiga picha mechi za UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, hapa Dodoma mjini na Chamwino, kuanzia mwezi huu wa sita hadi Nane Nane. Kuna soka, netiboli, wavu na riadha. Kisha kwaya, ngoma na mabanda ya maonyesho kule Nzuguni. Picha zitabandikwa kwenye mbao za matangazo za shule na kutumwa kwenye magrupu ya wazazi.

Vifaa: Canon 2000D, lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, lenzi ya 55-250, betri mbili na kadi moja ya 32GB.

Kinachosumbua:

1. Jezi nyeupe zinaungua au nyuso zinatoka nyeusi. Katikati hakuna.
2. Upepo na vumbi. Nikae upande gani wa uwanja?
3. Mechi ikielekea kuisha, picha zinatoka zimevutika.
4. Mitandao ya Ulaya inasema baridi inaua betri, ziwekwe kwapani. Na huku pia?

Asanteni.

---

Fundi_Lenzi

Naanza na la nne kwa sababu halina kazi. Ushauri wa kuweka betri kwapani umeandikwa na wanaopiga picha kwenye theluji, joto likiwa chini ya sifuri. Pale ndani ya betri ya lithiamu mambo yanakwenda polepole, kamera inadhani betri imekwisha kumbe bado. Dodoma usiku wa Julai unashuka hadi nyuzi 13 hivi, na mechi ikianza saa kumi jua limeshapasha kila kitu. Baridi ya hapa itakutetemesha wewe, betri haina habari nayo. Kinachomaliza betri ya 2000D ni kutazama kioo kila baada ya picha. Zima ile picha inayojitokeza yenyewe, kagua wakati wa mapumziko tu.

Sasa mwanga. Mvua zetu zilishaondoka, anga la kipupwe limetulia. Mwanga wa saa tisa unaweza kubaki uleule nusu saa nzima, na hiyo ni nafasi ya kuweka kamera kwenye M (wewe ndiye unapanga mwanga, si kamera) na kuiacha hapo. Ukiiachia kamera ijiamulie, jezi nyeupe zikijaza fremu inapunguza mwanga na nyuso zinazama. Zikipita jezi za bluu iliyokoza inaongeza mwanga na mchanga unaungua. Jua halijabadilika hata kidogo, ni jezi tu zimepishana mbele ya lenzi. Tatizo lako la kwanza chanzo chake ni hicho.

Lenzi yako ikiwa imevutwa mwisho tundu lake linafunguka hadi f/5.6, kwa hiyo namba hizi zote ni za f/5.6, ukiwa na jua mgongoni:

Saa nane hadi tisa na nusu, spidi ya shata 1/1600 na ISO 200 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga). Kwenye saa kumi na nusu panda ISO 400. Saa kumi na moja na dakika arobaini na tano weka 1/1250 na ISO 800. Saa kumi na mbili na robo ni 1/800 na ISO 1600. Saa kumi na mbili na nusu jua liko mlangoni, hapo ni 1/800 na ISO 6400, na chengachenga utaziona.

Usizichukue kama msahafu. Wakati timu zinapasha misuli, piga mchezaji mmoja uso wake ukiwa kwenye jua, tazama grafu ya mwanga na ile alama inayowakawaka kwenye sehemu zilizoungua. Jezi nyeupe ikiwaka kwenye bega tu, iache. Ikiwaka kifua kizima, punguza kwa theluthi moja ya hatua (hatua moja ni mwanga maradufu au nusu yake). Pimia uso, jezi ipate kinachobaki. Hakuna mzazi atakayelalamika kwamba bega la jezi halina mikunjo, ila uso mweusi wa mwanawe atausema.

Rangi nayo: usitumie mizani nyeupe ya otomatiki. Kiwanja chekundu kinaidanganya kamera, inasukuma rangi kuelekea ubluu ili "irekebishe" wekundu, na ngozi za watu zinakuwa za kijivu. Weka alama ya jua, isiguswe mechi nzima.

Kwenye kufokasi, weka AI Servo (fokasi inayomfuata anayekimbia) na nukta ya katikati peke yake. Kamera hiyo ina nukta tisa, lakini ya katikati ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Ukiziacha zote tisa zijichagulie, itafokasi kwenye mti wa mwarobaini ulioko nyuma ya goli. Halafu ingia kwenye menyu ya mipangilio maalumu, kwenye kipengele cha shata na kitufe cha nyota, ufanye nyota ndiyo ifokasi na shata ibaki na kazi ya kupiga tu. Kidole gumba kinabana nyota muda wote mchezaji anapokimbia. Refa akikatiza mbele, achia gumba, fokasi inabaki pale pale ilipokuwa.

---

Kisulisuli

Namba za Fundi nakubaliana nazo. Niongeze swali la pili, maana ndilo linalowashinda wengi hapa mjini.

Mwezi wa sita na wa saba jua letu linapita kaskazini. Saa saba kasoro robo mchana, ambayo ndiyo adhuhuri ya kweli ya Dodoma, liko kaskazini kabisa kwa nyuzi kama 61 kutoka ardhini. Saa kumi limeshuka hadi nyuzi 33 hivi na limekaa kaskazini-magharibi. Upepo wa msimu huu nao unatoka mashariki na kusini-mashariki. Unaona tatizo lilipo: sehemu yenye jua mgongoni ndiyo sehemu ambayo vumbi la uwanja mzima linakuja usoni mwako.

Chukua uwanja ulioelekezwa kaskazini na kusini. Kona ya kaskazini-magharibi ina mwanga mzuri kuliko zote: wanaoshambulia goli la kaskazini wanakujia wakiwa wamewashwa uso mzima. Ila hapo ndipo kila teke, kila breki ya beki inapomwaga mchanga. Kona ya kaskazini-mashariki, nyuma ya mstari wa goli, upepo unakupiga kisogoni na vumbi linakwenda zake. Gharama yake ni kwamba jua linakuja kutoka ubavuni, nusu ya uso inakuwa kivulini.

Kwa lenzi isiyozibwa vizuri kama 55-250 mimi nachagua kaskazini-mashariki kipindi cha kwanza. Upepo ukilegea, na mara nyingi hulegea jua likikaribia kuzama, hamia magharibi kipindi cha pili. Zunguka nyuma ya goli, usikatize uwanja.

Jambo moja watu hawaliangalii: mshika kibendera. Kila mmoja anakimbia nusu moja tu ya mstari wake, kutoka katikati hadi kwenye kibendera cha kona. Nusu nyingine ya upande ule iko wazi. Kaa hiyo. Hutamzuia kuona kuotea na hatakukatiza kila dakika.

---

JichoLaKongwa

Naomba nitofautiane na mkuu Kisulisuli kidogo. Mnalichukulia vumbi kama adui tu. Kuanzia saa kumi na moja na nusu nenda upande wa mashariki, elekeza lenzi kwenye jua kwa mshazari. Upepo uko mgongoni, lenzi iko salama, na kila mguu unaogusa ardhi unainua moshi wa dhahabu. Mbio za mita 100 kwenye kiwanja cha udongo, wakimbiaji peku, jua nyuma yao: hiyo picha hutaipata ukiwa na jua mgongoni hata ukae siku nzima.

Kanuni yake: ongeza mwanga hatua moja hadi moja na theluthi juu ya kile kamera inachotaka, la sivyo wote watakuwa vivuli vyeusi. Anga litaungua, acha liungue. Jua lenyewe lisiingie kwenye fremu, lifiche nyuma ya mti au mchezaji, na hudi ya lenzi (kile kikinga jua cha mbele) ivae. Lenzi yenye alama za vidole ikielekezwa kwenye jua inatoa ukungu mweupe picha nzima. Watu wanadhani ni vumbi la uwanjani kumbe ni mafuta ya chapati.

Na kuhusu M naongeza tahadhari moja: ukizungusha kamera kutoka upande wenye jua kwenda upande wa kivuli cha jukwaa au cha miti, namba zile hazifai tena. Tofauti inafika hatua tatu. Kumbuka namba mbili, ya juani na ya kivulini, na ubadilishe ISO kwa kidole bila kutoa jicho.

---

Fundi_Lenzi

Kweli kabisa hilo la kivuli. Na la mafuta ya chapati.

Nimalizie swali la tatu. Picha inakosa ukali kwa sababu tatu tofauti na watu huzichanganya. Kama mti wa nyuma ni mkali na mchezaji amevutika, spidi ya shata ni ndogo. Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, mkono umetikisika. Kama mchezaji ni laini tu, na nyasi za mita mbili nyuma yake ni kali, hiyo ni fokasi. Tazama kwanza ni ipi kabla ya kuongeza ISO ovyo.

Hesabu ya haraka: mpira uliopigwa vizuri unakwenda mita 20 kwa sekunde. Kwa 1/500 unasogea sentimita 4 wakati shata iko wazi, kwa 1/1000 sentimita 2, kwa 1/2000 sentimita 1. Mpira una kipenyo cha sentimita 22, kwa hiyo kwenye 1/1000 unaonekana mviringo safi. Miguu ya mchezaji aliyesimama kupiga penalti inavumilia 1/500.

Hesabu nyingine, hii ya kukatisha tamaa: 2000D inapiga picha tatu kwa sekunde. Kati ya picha moja na nyingine mpira huo umesafiri karibu mita 7. Ukibana shata ukitegemea bahati, utapata mguu kabla na mpira ulioondoka. Piga picha moja kwa wakati wake, kidogo kabla ya tukio, kisha acha mbili zifuate kwa furaha au majonzi. Na upige JPEG kwenye mechi. RAW, yaani faili ghafi kubwa, inajaza kumbukumbu ya ndani baada ya picha kama kumi na moja, kamera inakwama sekunde kadhaa, na hapo ndipo goli hufungwa.

Umbali: kwenye 250, mchezaji wa kimo cha kawaida anajaza fremu ya mlalo akiwa mita 29 hivi. Ukisimama kwenye mstari wa goli, unafikia eneo la penalti na kidogo zaidi. Yanayotokea katikati ya uwanja yaache yapite. Picha ya mchezaji mdogo kama sisimizi huitaki.

---

MamaNetiboli

Mmejaza soka, netiboli mmeisahau kama kawaida yenu.

Kwa vifaa hivyo netiboli ndiyo itakayompa picha nzuri kuliko zote. Uwanja ni mita 30.5 kwa 15.25, kwa hiyo hakuna wa kukukimbia. Sheria yenyewe inamsaidia mpiga picha: mwenye mpira hakimbii nao, na ana sekunde tatu tu za kuutoa. Anadaka, anatua, anatafuta wa kumpa. Ile nukta anayotua na macho yake yakiwa juu ndiyo picha. Inajirudia mara mia kwa mechi, ukiikosa subiri nyingine.

Kaa nyuma ya mstari wa goli, hatua mbili pembeni ya mlingoti, upande ambao jua halikuangalii. Kaa chini kabisa, goti ardhini. Ringi iko mita 3.05 juu, ukisimama wima unapata vichwa na nywele, ukikaa unapata uso, mikono na ringi kwa pamoja huku nyuma kukiwa na anga badala ya pikipiki zilizoegeshwa. Anga likijaa hivyo kamera iliyo kwenye otomatiki itawatia weusi wote, kwa hiyo hapo ushauri wa M una faida mara mbili. 55-250 ikiwa kwenye 80 hadi 135 inatosha mchezo wote wa ndani ya duara. Spidi 1/1000.

Usimfuate mfungaji peke yake. Mlinzi wa goli akinyoosha mikono mbele ya mfungaji, wote wawili wakiwa na uzito kwenye vidole vya miguu, hiyo ni bora kuliko mpira ukiwa hewani.

Wavu: fokasi mapema kwenye utepe wa juu wa neti, pale anaposimama mpangaji, kisha achia kitufe cha nyota na usubiri. Mpigaji anaruka karibu na neti, atakuja mwenyewe kwenye fokasi. Ukijaribu kumfuata, kamera itashika nyuzi za neti, na ukishaikasirisha hivyo inazunguka mbele nyuma mpaka seti inaisha.

---

Mpira_na_Zabibu

Aisee, asanteni sana. MamaNetiboli, shikamoo, na samahani kwa niaba ya wote.

Nina mawili. Kusafisha vumbi: kuna mtu ameniambia nipeleke kamera kwa fundi matairi apulize na kompresa mara moja kwa wiki. Halafu nilitaka kununua flashi ya bei nafuu ya dukani kwa ajili ya kwaya na mabanda. Mnasemaje?

---

Kisulisuli

Kompresa ya matairi HAPANA. Tangi lile ndani lina maji na mafuta, yanatoka na upepo kama mvuke na kutua kwenye kioo cha ndani. Na nguvu yake inasukuma mchanga kwenye maungio ya lenzi ambako ulikuwa haujafika. Kupuliza kwa mdomo ni kosa lilelile dogo: mate.

Vumbi la hapa linaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha lenzi uwanjani. Usibadilishe. Kama ni lazima, ingia darasani au kwenye gari vioo vikiwa juu, zima kamera, geuza mdomo wake uangalie chini, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi imeshafunguliwa kifuniko cha nyuma. Lisizidi sekunde tano. Ya pili watu hawaifikirii: 55-250 ikivutwa inarefuka, na kila ikirefuka inavuta hewa ndani kama pampu ya baiskeli. Kwenye upepo mkali, chagua urefu mmoja, tuseme 200, ubaki nao, punguza kuvuta na kurudisha.

Kinga ya bei ya soda ni kofia ya plastiki ya kuogea, ile yenye mpira. Toboa pale mbele, pitisha lenzi, funga na rababendi nyuma ya hudi, kamera yote inabaki ndani na mkono unaingia kwa chini. Watu walizoea mfuko wa rambo kwa kazi hii, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, usijitafutie kesi kwa ajili ya kamera. Na weka filta ya UV kwenye lenzi. Sibishani na wanaosema inapunguza ubora, waje wafute mchanga wa Dodoma kwenye kioo halisi cha lenzi halafu tuongee.

Usafi wa jioni ufuate mpangilio. Kwanza brashi laini nje ya kamera na lenzi, ikiwa bado imefungwa. Pili kipulizo cha mpira cha mkono kwenye kioo cha mbele. Kitambaa kiwe mwisho kabisa, baada ya mchanga kuondoka, maana chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Usikitumie kanga wala fulana, hata kama ni safi.

Kujua kama sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) imeingiwa na vumbi: weka f/16, elekeza kwenye anga tupu, vuruga fokasi kwa makusudi, piga. Vidoa vya kijivu ukiviona ndiyo hivyo. Kwa f/5.6 ya mechi havionekani sana, kwa hiyo usikimbilie kuigusa sensa kwa kidole au pamba. Puliza kwanza na kipulizo, kamera ikiwa kwenye hali ya kusafishia na betri imejaa. Betri ikikata katikati, pazia linajifunga juu ya ncha ya kipulizo chako.

Vile visulisuli vya mchana (si mimi) vinaonekana vinakuja. Geuka, kumbatia kamera, vipite. Hakuna picha ndani yake.

---

Fundi_Lenzi

Kuhusu flashi, simama kwanza. 2000D kwenye kiti chake cha flashi haina ile pini kubwa ya katikati. Flashi nyingi za bei nafuu zinazoendeshwa kwa mkono zinategemea pini hiyo hiyo moja, na zikiwekwa hapo haziwaki kabisa. Utadhani flashi ni mbovu, utairudisha dukani, utapewa nyingine, nayo haitawaka. Lazima iwe inayoelewa mfumo wa Canon, iliyoandikwa E-TTL, na uende na kamera dukani uijaribu kabla ya kutoa hela.

Na kwa kweli kwenye mabanda ya Nzuguni huihitaji sana. Tatizo la mabanda ni rangi ya turubai. Turubai la bluu linawapaka watu wote bluu, la kijani linawafanya wagonjwa. Pigia karatasi nyeupe ndani ya banda lile, iambie kamera hiyo ndiyo nyeupe, endelea. Au msogeze mhusika hatua moja kutoka ukingoni, akiwa bado kivulini lakini uso ukiangalia nje. Mwanga unaorudi kutoka kwenye ardhi tupu ya nje unamjaza hadi chini ya kofia. Ardhi yetu isiyo na nyasi ni kirefleka cha bure.

Flashi ina shida nyingine ya hapa: kukiwa na vumbi hewani na flashi ikiwa juu ya lenzi, kila chembe inarudisha mwanga na picha inajaa madoa meupe kama theluji waliyokuwa wakiisema wale wa betri kwapani.

Kwaya ukumbini ni 18-55 kwenye f/3.5 hadi f/5.6, ISO 3200, spidi 1/100. Namba hiyo ya spidi ina sababu. Umeme wetu ni hezi 50, taa za tyubu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiweka 1/500 unapata kipande tu cha pepesa, picha moja ya njano, inayofuata ya kijivu, nyingine ina mkanda mweusi katikati. 1/100 inakamata pepesa moja nzima. Waimbaji wanayumba taratibu, itawashika. Piga wanapovuta pumzi au mwishoni mwa neno refu, midomo ikiwa imetulia.

---

JichoLaKongwa

Kwa ngoma, hasa muheme: akina mama wa Kigogo wanaipiga wakiwa wameibana kati ya mapaja, kwa hiyo mikono yote ya maana iko chini ya kiuno. Ukisimama unapiga migongo ya mikono na vitambaa vya kichwa. Piga magoti, 18-55 kwenye 24 hivi, sogea hadi mita mbili. Kwa 1/250 uso unatulia na mikono inabaki na ukungu wa mwendo, na huo ukungu ndio unaoonyesha mdundo. Ukitaka kila kidole, 1/1000, ila picha inakuwa kama wamegandishwa.

Na usiingie katikati ya duara bila ruhusa ya anayeongoza. Mtazame, atakupa ishara kwa kichwa.

---

Mbuyu_Mpana

Nimepita kwa mambo ya karatasi maana hakuna aliyeyagusa. Wanafunzi hawa wengi wako chini ya miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na picha inayomtambulisha mtoto ni taarifa yake. Pata barua ya mkuu wa shule inayosema picha zitatumika wapi, na shule ndiyo ipate ridhaa ya wazazi. Kwenye grupu usiandike jina kamili, shule na kijiji anachotoka kwa pamoja. Droni usiipeleke kabla ya kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), na uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini, si mahali pa kubahatisha.

Kabla ya mechi piga picha orodha ya wachezaji ya timu zote mbili yenye namba za jezi. Utajishukuru usiku unapoandika maelezo.

Kutuma: WhatsApp ukiituma kama picha inaibana, ukiituma kama dokumenti inafika ilivyo. Kwa grupu la wazazi punguza upande mrefu uwe pikseli 2048, bando la mtu lisiteketee. Kwa ubao wa matangazo, picha ya 2000D ina pikseli 6000 kwa 4000. Hata ukiikata ukabakiza nusu ya upana na nusu ya kimo, unabaki na 3000 kwa 2000, ambazo zinachapa inchi 10 kwa karibu 7 bila kuumia. Kwa hiyo usiogope kukata, na usiogope nukta ya katikati ya Fundi.

Nunua kadi ya pili. 32GB inatosha mechi kadhaa, si suala la nafasi. Kadi moja ikileta kero mapumziko, kipindi cha pili unacho.

---

Mpira_na_Zabibu

Nimenakili yote. Swali la mwisho kabisa: fainali ya wilaya inaanza saa kumi na nusu. Ikienda hadi penalti mwanga utakuwepo?

---

Kisulisuli

Piga hesabu. Dakika 80 za mchezo, mapumziko 10, umefika saa kumi na mbili kamili. Wakiongeza dakika 20 na vituo vyake, penalti zinaanza saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, na saa moja kasoro dakika chache giza limeshika. Una penalti tano sita za mwanga.

Usikae nyuma ya goli. Nenda pembeni ya eneo la penalti, usawa wa kipa, umwone mpigaji kwa mshazari. 1/500, ISO 6400, vuta lenzi isizidi 135 ili ipate tundu kubwa kidogo. Wengine wote watakuwa wamekusanyika katikati ya uwanja wameshikana mabega, na baada ya kila mkwaju wageukie wao.

---

MamaNetiboli

Na mwambie mwalimu wa zamu mapema mechi isianze saa kumi na moja. Hilo nalo ni suala la mwanga.